Majalada ya Magazeti ya Zamani Ukutani: Kuyatafuta, Kuyakagua na Kuyatundika Yasiharibike

Nyumba ya bibi yangu kule Muheza ilikuwa na chumba kimoja ambacho kuta zake hukuweza kuziona. Zilifunikwa na kurasa za magazeti kuanzia chini hadi kwenye boriti: matangazo ya sabuni, wacheza mpira, na mwanamke wa kuchorwa aliyeshika mwavuli mwekundu, ambaye mpaka leo sijajua alitoka gazeti gani. Bibi alizibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Zilikuwa mapambo, na zilikuwa dawa ya nyufa pia, upepo usipite. Miaka mingi baadaye nyumba ilipokaribia kubomolewa nilikwenda na kisu cha mezani kumbandua yule mwanamke. Nilirudi na mwavuli na nusu ya shavu. Nyuma ya karatasi mchwa walikuwa wameshajenga mji wao.

Mwongozo huu wote umetoka kwenye ile nusu ya shavu. Lolote utakalolifanyia jalada la zamani, liwe jambo unaloweza kulitengua kesho bila karatasi kupoteza hata ukucha. Ukishika hilo, mengine ni ufundi wa mikono tu, na vifaa vingi utavipata mjini.

Chagua uzi mmoja

Kuna zama ambazo majalada yalichorwa kwa mkono, kabla kamera haijatawala. Mchoraji alipaka rangi, na wiki ile nzima nchi nzima ikauona mchoro uleule vibandani. Marekani, *The Saturday Evening Post* la Philadelphia liliwafanya wachoraji wa majalada wajulikane kama wacheza sinema. Norman Rockwell alichora jalada lake la kwanza humo Mei 20, 1916, akaendelea hadi 1963, na jumla yake ikapita 320. J. C. Leyendecker, aliyemtangulia, ana idadi karibu ileile. *Vogue* nao walichora, hadi Julai 1932 walipoweka jalada lao la kwanza la picha ya rangi ya kamera, kazi ya Edward Steichen. Tangu hapo brashi ikaanza kurudi nyuma taratibu. *The New Yorker* lilitoka mara ya kwanza Februari 21, 1925, likiwa na bwana wa kofia ndefu wa mchoraji Rea Irvin anayemkagua kipepeo kwa miwani ya jicho moja, na mpaka leo halijaacha kuchora.

Ulaya kuna mawili ninayompendekezea kila anayeanza, kwa sababu yalichapwa kwa wingi mno na bado yanapatikana kwa bei ya kibinadamu. La kwanza ni *La Domenica del Corriere* la Milano, lililoanza 1899. Achille Beltrame alilichorea tangu mwaka huo hadi 1944, ukurasa wa mbele na wa nyuma: treni imeacha reli, simba katoroka sarakasi, mpanda mlima ananing'inia kwenye kamba. La pili ni nyongeza ya picha ya kila wiki ya *Le Petit Journal* la Paris, iliyouzwa senti 5 za Kifaransa, nayo ina rangi mbele na nyuma. Kuwa na subira na hili la pili, karatasi yake ni mbovu. Nitalirudia.

Kwetu, tafuta *Joe* la Nairobi, lililoanzishwa 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst. Lilikufa 1979, kwa hiyo nakala zake zina mwisho, na ndiyo raha ya kulikusanya. Dar es Salaam kulikuwa na *Sani*, gazeti la katuni la akina Ndumilakuwili, Lodilofa na Pimbi. Watu wa rika langu tuliligombania, tukaliazimana mpaka likachanika, na ndiyo maana leo ni shida kuliona zima. Wapenzi wa Zanzibar wana mlango mwingine: magazeti ya picha ya London kama *The Illustrated London News*, lililoanza 1842. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipozuru Uingereza mwaka 1875, magazeti hayo yalimchora. Kurasa hizo ni za ndani, si majalada, lakini kanuni za kuzitunza ni zilezile.

Sasa, usinunue kila kinachokupendeza. Shika uzi mmoja. Uzi wangu ni mvua: watu chini ya miavuli, barabara zinazong'aa maji, mtoto na buti. Nadhani unajua nilianzia wapi. Wewe unaweza kufuata mchoraji mmoja, au treni, au masoko, au watu wanaosoma. Rafiki yangu alinunua jalada la *The New Yorker* la wiki ambayo kila mtoto wake alizaliwa, akayapanga kwenye korido. Gazeti la kila wiki linafaa sana kwa zawadi ya namna hii, maana hakuna mtu atakayekosa la kwake.

Jambo moja kabla hatujaenda sokoni. Magazeti ya Ulaya ya enzi ya ukoloni yalituchora sisi pia, na mara nyingi yalituchora kwa dharau. Utakutana na majalada ya vita vya Afrika yaliyopakwa rangi kwa ustadi mkubwa na uongo mkubwa. Ninayo mawili. Hayapo ukutani, yapo kwenye droo, na anayetaka kuyaona nayatoa tukae tuzungumze. Ukutani kitu kinakaa kimya, na mgeni anayepita na kikombe cha chai hatajua kama unakionyesha au unakisifu.

Mahali pa kutafuta

Anza kwa wazee. Walimu wastaafu, maofisa wa zamani wa posta na reli, familia zilizowahi kuwa na duka la vitabu: hawa ndio wenye maboksi juu ya kabati. Nenda na heshima, kaa, sikiliza habari za gazeti lenyewe kabla ya kutaja bei. Usimwambie mtu "hivi vikaratasi vyako". Na uwahi, kwa sababu mshindani wako ni muuza karanga.

Baada ya wazee, wauza vitabu vya mitumba. Nairobi ni wale wa inama-inama wanaotandaza bidhaa kando ya barabara. Dar ni wa maeneo ya Posta. Waachie namba ya simu na maelezo mafupi: "Magazeti ya zamani yenye jalada la kuchorwa, hata yakiwa hayana kurasa za ndani." Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu wenyewe wanaona gazeti lisilo na kurasa ni takataka.

Kwa ya nje, mnada wa mtandaoni kama eBay unafaa, ila ndugu aliye huko anafaa zaidi. Paris kuna vile vibanda vya kijani ukingoni mwa mto Seine, Roma kuna soko la Jumapili la Porta Portese, London kuna Portobello Road siku ya Jumamosi. Mwambie ndugu yako alaze jalada kati ya kadibodi mbili ngumu zinazolizidi ukubwa kwa sentimita 3 kila upande, afunge kadibodi kwa kadibodi, utepe usiguse karatasi. Kwenye mrija wasilikunje kabisa. Karatasi ya miaka 100 ikishakunjwa kama mkeka haikunjuki, inakatika.

Kulikagua kabla hujatoa pesa

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Michoro ya Rockwell na ya *Vogue* imerudiwa mara nyingi sana kwa mabango na kalenda, na nakala iliyokaa jikoni miaka 20 inaonekana ya kale kuliko ya kale yenyewe. Unyonge wa karatasi si ushahidi. Beba vitu vitatu: rula, lenzi ndogo ya fundi saa ya kukuza mara 10, na ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia.

Geuza karatasi kwanza. Jalada halisi lina kitu nyuma yake: tangazo la matairi, orodha ya yaliyomo, barua za wasomaji. Nyuma ikiwa nyeupe tupu, una bango mkononi. Ni kipimo cha sekunde moja na kinaondoa nusu ya maswali.

Pima. *The Saturday Evening Post* la zamani lina takriban sentimita 28 kwa 35, *The New Yorker* 21 kwa 28, *Le Petit Journal* la picha 30 kwa 44. Pungufu ya sentimita moja huenda mtu amekata kingo zilizochakaa. Si kosa la kufukuza mnunuzi, ila bei ishuke. Angalia pia kama tarehe na bei ya gazeti bado zimo.

Kisha lenzi, na hapa watu wanaangalia mahali pasipo. Wanakagua uso wa mtu kwenye mchoro, wanaona vinukta vya rangi, wanasema "aha, imechapwa!" Bila shaka imechapwa, ni gazeti. Angalia herufi. Kwenye jalada halisi maandishi meusi mara nyingi yamechapwa kwa wino mzito wa mfululizo, ukingo wa herufi ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Aliyerudia amepiga picha jalada zima, herufi na mchoro pamoja, kwa hiyo ndani ya herufi zake nazo utaona vinukta vya rangi nne na ukingo wenye ukungu. Na ikiwa imetoka kwenye printa ya wino ya siku hizi, hutaona vinukta vilivyopangwa kabisa. Utaona vumbi la rangi lililotawanyika ovyo.

Kwa magazeti ya London ya karne ya 19 lenzi inakupa zawadi nyingine. Michoro mikubwa ilichongwa kwenye vipande vidogo vya mbao ngumu vilivyofungwa pamoja kwa skrubu, kila mchongaji na kipande chake. Tafuta mstari mwembamba mweupe unaokatisha anga au ukuta wa jengo: hapo ndipo vipande viwili vilipokutana. Jua pia kwamba kurasa hizo zilitoka kwa wino mweusi. Ukiziona zina rangi, basi kwa kawaida mtu alizipaka baadaye ili ziuzike. Ukizipenda nunua, ila usilipie rangi kana kwamba ni ya 1875.

Mwisho, tochi. Zima taa, mulika karatasi. Kemikali za kung'arisha weupe zilienea kwenye karatasi kuanzia miaka ya 1950, nazo zinawaka bluu-nyeupe chini ya mwanga huo kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Jalada linalodai ni la 1925 halafu linawaka hivyo, mrudishie mwenyewe. Lisilowaka bado halijathibitika, lakini limepita mtihani mmoja.

Kutu ya pini mgongoni, mkunjo wa katikati, lebo ya anwani ya msajiliwa iliyogundishwa kwenye kona: hizo ni alama za maisha. Lebo usiibandue. Kinachoshusha thamani kwangu ni utepe wa plastiki, kwa sababu gundi yake imeshazama ndani, na madoa ya ukungu yenye manyoya, kwa sababu hayo yanatembea.

Wiki mbili za kusubiri

Jalada jipya nyumbani ni mgeni aliyetoka safari, huenda amebeba wadudu. Liweke kwenye mfuko wa plastiki kati ya karatasi mbili safi, toa hewa, funga kwa utepe, lilaze kwenye friza wiki mbili. Hiyo inaua mayai ya mende na ya vile vidudu vyenye rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Ukilitoa, usifungue mfuko; uache mezani usiku mzima kwanza. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa utagandia karatasi baridi kama unavyogandia chupa ya soda, na hapo umeharibu ulichotaka kuponya.

Kisha safisha kwa brashi laini, ile ya poda ya uso inatosha, kuanzia katikati kwenda nje. Ukungu upige brashi nje ya nyumba, kivulini, ukiwa umevaa barakoa. Hakuna maji, hakuna spiriti, hakuna mkate wa kusugulia ambao utausikia ukisifiwa. Pini zenye kutu usizivute. Zigeuze upande wa ndani, nyanyua miguu yake kwa kisu butu cha siagi, kisha zisukume zitoke kulekule zilikoingilia.

Kukata au kutokata

Gazeti likiwa zima, lisikatwe. Wapo wauzaji wanaonunua magazeti mazima na kuyachinja, jalada huku, matangazo kule, kwa sababu vipande vinalipa kuliko mwili. Sitaki kujiunga nao. Gazeti zima linaweza kuingia kwenye fremu yenye kina cha sentimita 3 na kuonekana vizuri tu. Ikiwa lilikuja limeshapasuka na jalada limejitenga, hapo huna dhambi.

Mtihani mgumu ni *La Domenica del Corriere*, ambalo mchoro wa nyuma mara nyingine unaushinda wa mbele. Nililitatua kwa kutochagua: fremu yenye migongo ya kugeuza, nageuza kila baada ya miezi mitatu.

Kulishika bila gundi

Sasa tufike mezani. Hii ndiyo sehemu ya kutopitia haraka, kwa sababu kila uharibifu niliouona kwenye nyumba za watu ulianzia hapa.

Magazeti mengi yalichapwa kwenye karatasi ya mbao iliyosagwa. Ndani yake imebaki lignini, kile kitu kigumu kinachoshikanisha nyuzi za mti, nayo ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano na kuzaa tindikali inayokata nyuzi za karatasi. Ndiyo sababu *Le Petit Journal* inavunjika kona kama kaukau. Ukiilaza juu ya kitu kingine chenye tindikali, kama hadibodi au plaiwudi ambazo mafundi wetu huweka nyuma ya fremu, unaizidishia ugonjwa. Baada ya miaka michache utaona kivuli cha kahawia kimechora mishipa ya ubao.

Kwa hiyo nyuma ya jalada panahitaji karatasi nene isiyo na tindikali. Zile kadibodi maalumu za makumbusho ni ghali na hazipatikani kirahisi. Mbadala wangu ni karatasi nzito ya rangi za maji ya pamba asilimia 100, gramu 300, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa. Soma ganda uhakikishe imeandikwa haina asidi. Weka karatasi mbili, moja nyuma ya nyingine.

Jalada litakaa juu ya karatasi hiyo kwa pembe nne, kama picha kwenye albamu za zamani. Zitengeneze mwenyewe:

Kata ukanda wa karatasi nyembamba isiyo na asidi, upana sentimita 2, urefu sentimita 8. Uweke mbele yako umelala. Tafuta katikati ya ukingo wa juu, weka kidole. Kunja upande wa kulia ushuke mpaka usimame wima katikati, kunja wa kushoto vivyo hivyo, mikono miwili ikutane bila kupandana. Umepata kichwa cha mshale chenye miguu miwili. Kigeuze: upande wa pili una mfuko wa pembetatu. Kona ya jalada inaingia humo. Ile miguu miwili ndiyo utakayoigandisha kwenye karatasi ya nyuma, kwa utepe usio na asidi, na utepe wenyewe hauligusi jalada hata chembe.

Acha nafasi. Ingiza kona mpaka ndani, kisha rudisha pembe nje upana wa milimita 1. Karatasi inapumua: masika inatanuka, kiangazi inasinyaa, hasa Pwani. Ukiibana kona zote nne kama ngoma itaanza kujikunja mawimbi, na lawama utaitupia fremu.

Jalada ambalo kona zake zimeshakatika halishikiki hivi. Hilo linahitaji bawaba mbili, yaani vikanda vidogo, za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga, juu tu, chini liachwe huru lining'inie. Gundi hiyo ni wanga safi wa ngano uliopikwa na maji mara nne au tano ya kipimo chake, moto mdogo, ukikoroga nusu saa mpaka ung'ae, kisha upoe na kuchujwa. Ndiyo, ni uji wa bibi. Tofauti ni kwamba bibi alitumia unga wenyewe pamoja na protini yake, chakula kamili cha mende, na akapaka karatasi nzima. Hapa unapaka eneo la ukucha wa kidole gumba mara mbili, na tone la maji linalitoa.

Fremu, kioo, na fundi

Zamani nilimwachia fundi mmoja jalada langu la miavuli bila maelekezo. Alinirudishia likiwa limepigwa laminesheni na kugundishwa juu ya MDF, kingo zimepakwa nyeusi. Kazi safi kabisa, mikono yake haina lawama. Jalada ndilo lililokufa. Laminesheni inayeyusha plastiki na gundi ndani ya karatasi kwa joto. Hakuna wa kuitoa. Tangu siku ile nakaa pale dukani mpaka kazi iishe.

"Fundi, hii usiibandike."

"Sawa bosi. Sasa bila gundi itasimama vipi?"

"Nimekuja nayo imeshasimama. Angalia kona."

Aliigeuza, akacheka. "Hizi si zile za albamu za harusi za wazee?"

"Ndizo hizohizo."

Unachomwagiza ni hiki: kadibodi ya dirisha mbele (iliyotobolewa katikati), unene milimita 2 au zaidi, inayofunika kingo za jalada kwa milimita 4, ili kioo kisiguse wino. Wino ukigusana na kioo kwenye joto la Pwani vinashikana, na siku ya kuvitenganisha utalia. Kioo cha kuchuja miale ya zambarau (UV) ukikipata kichukue. Usipokipata, akriliki nzuri au kioo cha kawaida, na uwe mkali kuhusu mwanga. Nyuma ya karatasi zako weka karatasi nyembamba ya alumini kabla ya hadibodi ya fundi, ile ya kufungia chakula inafaa. Inazuia tindikali na unyevu visipenye. Ziba mgongo kwa utepe wa karatasi kuzuia wadudu.

Kama unakaa Pwani, funga fremu mchana wa Agosti au Septemba. Ukifunga Aprili, unyevu wa masika unaufungia ndani pamoja na jalada.

Ukutani

Pita mtaani uangalie mabango ya mitindo ya nywele kwenye vinyozi. Yale ya dirishani yamebaki bluu tupu; nyekundu na njano zimekwenda na jua. Jalada lako litafuata njia hiyo, polepole zaidi. Mwanga haurudishi ulichochukua, hata ukilihamishia gizani. Kwa hiyo si mkabala na dirisha, si kwenye baraza. Makumbusho huwekea karatasi mwanga wa lux 50 hivi. Programu ya simu ya kupima mwanga si ya maabara lakini itakuonyesha kwamba kona uliyoiona ina kivuli inapata 400 saa nne asubuhi.

Epuka ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na ukuta wenye bomba ndani. Gundisha vifundo vya mpira nyuma ya kona za chini za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Ukuta wa zege unataka drili na plagi. Nyumba za matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, zina plasta laini inayoachia msumari na kutoa chumvi. Huko ning'iniza kwa uzi kutoka kwenye boriti.

Kwenye mpangilio sina mengi. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, juu ya kochi acha sentimita 20, kati ya fremu na fremu 5 hadi 7. Zipange sakafuni kwanza. Fremu za aina moja zinasaidia majalada ya nchi mbalimbali yakae pamoja bila kugombana.

Na kama chumba kina jua lisiloepukika, tundika nakala. Skani jalada kwa dpi 600, chapa kwenye karatasi nzuri, ya asili ilale kwenye droo. Hakuna aibu. Kwa ukuta wako haina shida, ila kuuza nakala ni habari nyingine: Marekani kazi inakuwa mali ya umma miaka 95 baada ya kuchapishwa, Kenya na Tanzania miaka 50 baada ya mchoraji kufariki, kwa hiyo Rockwell wengi na *Joe* wote bado wana wenyewe.

Kabla hujafunga mgongo wa fremu, chukua penseli, kalamu usiiguse, uandike kwenye karatasi ya nyuma, si kwenye jalada: jina la gazeti na tarehe yake, mchoraji, ulipolipata, mwaka ulioliweka. Kisha mstari mmoja kwa atakayelifungua. Wangu huwa ni huu: "Limeshikwa kwa pembe nne. Halina gundi. Vuta kona ya juu kulia kwanza."